Mwiba wa Herufi Moja

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa herufi moja tu, R, na tende niliota Masasi, mbele ya darasa zima.

Ilikuwa 2008. Mkongo wa intaneti wa chini ya bahari ulikuwa haujafika pwani yetu. SEACOM ulikuja kuwashwa Julai 2009. Kupakua programu kubwa kwa setilaiti ilikuwa kazi ya wenye fedha, kwa hiyo huko mikoani programu zilifika kama wanavyofika watu: kwa basi.

Shule moja ya sekondari huko Masasi ilikuwa imepata kompyuta ishirini za mtumba, zina Linux tupu na hazina kitu kingine. Niliombwa niwapelekee OpenOffice, programu ambayo tangu 2004 ilikuwa na toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikanunua CD tupu Kariakoo, nikakusanya vifurushi vyote kwenye saraka moja, nikaandika na skripti fupi ya kuvisakinisha. Skripti ilikuwa inasoma orodha ya majina ya mafaili, inachukua moja moja, inasakinisha.

Usiku wa kuamkia safari nikaketi kufungasha. Chombo cha kazi hiyo ni mkisofs, programu isiyo na vitufe wala picha. Unaiandikia amri, nayo inachukua saraka yako na kutoa faili moja la ISO, yaani CD nzima kabla haijachomwa. Nikaandika:

mkisofs -o masomo.iso masomo

Mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo kwa kasi. Niliona OPENO000.DEB, kisha OPENO001.DEB, kisha OPENO002.DEB, na mingine mingi ya namna hiyo. Mashine ilikuwa inanieleza jambo, tena inalirudia. Mimi nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, faili lilikuwa tayari na ukubwa wake ulikuwa ule niliotarajia. Nikachoma CD ya kwanza, nikaitia kwenye kompyuta yangu, nikaendesha skripti. Ikajibu kwamba kila kitu kiko sawa. Nikachoma nyingine kumi na tisa, nikazifunga kwa gazeti kama abebaye mayai.

Alfajiri nikapanda basi. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukala vumbi la Ndundu hadi Somanga, na jioni nikashuka Masasi nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Mkuu alinipokea mlangoni mwa maabara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Watoto wamekusubiri tangu saa moja."

Nje jenereta ilikuwa inanguruma. Umeme ulikuwa umekatika, na walimu walikuwa wamechangishana lita tano za petroli kwa ajili ya siku hiyo. Nikatia CD ya kwanza, nikaendesha skripti. Faili halipo. Nikatia ya pili: faili halipo. Nikaipangusa ya tatu kwa shati, nikaitia: halipo. Zote ishirini zilizaliwa na ISO ile ile, na ugonjwa wa mama walikuwa nao watoto wote.

Mwalimu Mkuu alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hukuzijaribu kabla ya kuja?"

"Nilizijaribu, Mwalimu."

"Kwenye mashine ipi?"

Hapo ulimi ulinikauka. Kompyuta yangu ilikuwa na OpenOffice tangu zamani. Skripti ilipokuta kila programu imeshaingia, iliiruka na kwenda mbele, bila kugusa faili hata moja kwenye CD. Sikuwa nimeijaribu CD. Nilikuwa nimejiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. CD za data hufuata kanuni ya ISO 9660 ya mwaka 1988, na ngazi yake ya kwanza inaruhusu jina la herufi nane, nukta, na herufi tatu, ili hata kompyuta za DOS ziweze kusoma. Mkisofs isipoambiwa vingine hufuata ngazi hiyo. Majina kama openoffice.org-writer na openoffice.org-calc hayatoshi humo. Yakikatwa yanafanana, hivyo mashine huyapa namba ili yasigongane. Dawa yake ni nyongeza iitwayo Rock Ridge, ambayo huhifadhi majina marefu, ruhusa na viungo vya mafaili kama vilivyo kwenye Linux. Unaiita kwa kuandika -R. Vifurushi vyote vilikuwa ndani ya CD, vizima, ila skripti yangu ilikuwa kama mwalimu anayeita mahudhurio kwa daftari la zamani katika darasa ambalo kila mtoto amepewa jina jipya. Wote wamo ndani, na hakuna anayeitika.

Lililonichoma zaidi nililijua miezi kadhaa baadaye. Kifurushi cha deb hubeba jina lake la kweli tumboni, na dpkg, programu inayovisakinisha vifurushi hivyo, husoma la ndani, haijali la nje. Laiti ningeachana na skripti yangu na kuiambia dpkg isakinishe kila deb iliyokuwa kwenye CD, tungemaliza kabla ya saa sita. Dawa ilikuwa mkononi mwangu, nami nikapanda basi kurudi Dar.

Kwa hiyo wewe unayefungasha programu za wenzako, iwe kwa mkisofs, kwa xorriso au kwa chombo kingine, leo kwa flashi badala ya CD, shika mawili. Soma inachokuambia mashine. Chombo cha amri hakipigi kelele, hukueleza na kuendelea na kazi uliyokituma. Na usijaribu mzigo kwenye kompyuta inayokujua. Jaribu kwenye isiyo na kitu, maana huko unakoupeleka ndivyo kompyuta zilivyo.

Chini ya meza yangu kuna kompyuta kuukuu ninayoiita Mgeni. Kila ninapofungasha mzigo naifuta diski yake yote, naichomoa intaneti, kisha nasakinisha kama mtu asiyejua chochote. Hula saa nzima, na vijana wa ofisini hunicheka. Nami huwajibu kwamba saa moja ni nafuu kuliko lita tano za petroli za walimu.