Arusi Chini ya Mwembe

Katika nyumba nyingi za Wakristo siku hizi pana ubishi ambao wazee wetu hawakuujua. Kijana na mchumba wake wasema: "Sisi hatutaki ukumbi. Tutafanya arusi yetu nyumbani, uani, chini ya mwembe. Nguo atashona shangazi, chakula watapika mama zetu, maua tutachuma wenyewe." Baba anyamaza. Mama aona haya, akifikiri majirani watasema mali imekwisha. Mjomba, aliyekwisha kujiweka tayari kuwa mwenyekiti wa kamati, akasirika waziwazi. Na katekista akiulizwa, ajibu kwa mkato kwamba arusi ya Mkristo ni kanisani, na ya nje ni ya wapagani.

Twapenda kusema neno juu ya jambo hili, maana ndani yake yamechanganyika mambo mawili ambayo lugha yetu yenyewe huyatenga. Ndoa hufungwa; arusi huliwa na kuchezwa. Kufunga ndoa ni dakika chache tu, mume na mke wakipeana neno lao mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi. Arusi ni furaha ya watu kwa ajili ya neno hilo. Ya kwanza ni Sakramenti, nayo ina sheria zake. Ya pili ni mali ya jamaa, na Kanisa halikuwahi kutunga sheria ya keki wala ya ukumbi.

Tuanze na sheria. Wengi wadhani kwamba tangu zamani za Mitume ndoa zilifungwa mbele ya altare. Sivyo. Kwa karne nyingi huko Ulaya ya magharibi, hasa Uingereza na Ufaransa, bwana arusi na bibi arusi walisimama nje, mlangoni pa kanisa. Hapo padre aliwauliza, hapo walipeana mikono, hapo pete ilibarikiwa, na kijiji kizima kikiwatazama. Ndipo walipoingia ndani kwa Misa Takatifu. Basi kuwa nje si upagani. Kilicholiumiza Kanisa hakikuwa jua wala upepo, bali siri. Mwanamume alimwahidi mwanamke pembeni, pasipo shahidi. Miaka ikapita, akamkana, akaoa mwingine hadharani, na yule wa kwanza hakuwa na mtu wa kumsimamia. Kwa sababu hiyo Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza ndoa zitangazwe kabla ya kufungwa. Na Mtaguso wa Trento, tarehe 11 Novemba 1563, ukaamuru kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya paroko, au padre mwenye ruhusa, pamoja na mashahidi wawili au watatu, si ndoa. Wale wanaodhani kwamba matangazo ya ndoa ni usumbufu wa mapadre na wakumbuke kuwa yaliwekwa kwa ajili ya mwanamke yule.

Sheria ya Kanisa tunayoifuata leo, ya mwaka 1983, yasema katika kanoni ya 1118 kwamba ndoa ya Wakatoliki ifungwe katika kanisa la parokia. Kwa ruhusa ya Askofu au ya Paroko yaweza kufungwa katika kanisa jingine au kikanisa. Na Askofu aweza kuruhusu ifungwe mahali pengine panapofaa. Twasema Askofu: si katekista, wala si mjomba. Aombaye na aombe mapema na kwa sababu, na akinyimwa asinung'unike. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe, tarehe 18 Januari 2018, aliwafungisha ndoa watumishi wawili wa ndege hewani, katika safari ya kutoka Santiago kwenda Iquique, nchini Chile. Magazeti ya dunia yalikifurahia kisa hicho kama mzaha mzuri. Lakini watu wale wawili walikuwa wamekwisha kuoana kiserikali, na kanisa walilolikusudia liliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Toka hapo walikuwa wakiishi bila Sakramenti. Na hata huko angani hati iliandikwa kwa mkono, na mashahidi wakatia sahihi.

Shauri letu, basi, ni jepesi. Neno lisemwe kanisani, arusi iliwe chini ya mwembe. Kwenye vigango ambavyo bado havina jengo, na Misa yenyewe huadhimishwa chini ya mti, swali hili halina uzito mkubwa, maana mti huo ndio kanisa lao. Hata hivyo Paroko aulizwe.

Kuna jambo la pili ambalo wachumba wa siku hizi hulitaka, nalo ni kujitungia wenyewe maneno ya ahadi. Hapa hatuwezi kuwakubalia. Si kwamba hawajui kutunga. Vijana wetu wajua sana. Lakini mtu mwenye mapenzi mapya aweza kujaza kurasa tatu asitaje ugonjwa hata mara moja, wala shida, wala kifo. Kanisa huvitaja vyote, maana limewazika waume na wake wengi. Maneno yale ni ya zamani kuliko bwana arusi na bibi arusi, na yatawashika siku ambayo maneno yao wenyewe yamekwisha kupoa. Walakini utaratibu wa ndoa uliotolewa mwaka 1969, na kutolewa upya mwaka 1990, haukuwafunga mikono. Masomo ya Misa waweza kuyachagua. Sala za waamini waweza kuzitunga. Vipaji waweza kuvileta vya shamba lao wenyewe, mkungu wa ndizi au kikapu cha mahindi, pamoja na mkate na divai. Na zile kurasa tatu na zisomwe uani baada ya chakula, watu wote wazisikie, bibi arusi azihifadhi.

Sasa tuje kwenye karamu, ambako kwa kweli ndiko kwenye maumivu.

Kila msomaji ajua namna arusi za mijini zinavyotengenezwa, na vijiji vyaiga upesi. Kamati huundwa, kadi za michango hugawanywa, vikao hufanyika Jumapili baada ya Jumapili. Ukumbi hukodiwa, mpambaji hukodiwa, mshereheshaji hukodiwa, na viti huvalishwa nguo nzuri kuliko wanazovaa watoto wengine wa mtaa huohuo. Kusaidiana ni desturi njema ya mababu zetu, nasi hatuilaumu. Lakini mchango ulioandikwa kiasi chake juu ya kadi si msaada tena, ni kodi. Asiyelipa haingii. Tumekwisha kuona mlinzi amesimama mlangoni mwa ukumbi na orodha mkononi, na nyanya aliyemlea bwana arusi mgongoni kwake amekaa nje juu ya ukuta, kwa kuwa jina lake halikuwamo. Uani pa mtu hapana mlinzi. Jirani akisikia vigelegele huja, na akija hupewa sahani.

Kidonda kikubwa zaidi ni hiki. Katika kila parokia wako mume na mke waliokaa pamoja miaka saba, miaka kumi, wenye watoto waliobatizwa. Huja Misa kila Jumapili, huchangia ujenzi wa kanisa, na saa ya Komunyo hubaki wameinamisha vichwa, watoto wao wakiwapita kwenda kumpokea Bwana. Ukiwauliza kwa nini hawafungi ndoa, hawasemi kwamba hawapendani, wala kwamba hawaamini. Wasema: "Padre, bado tunajiandaa." Na kujiandaa huko, ukichunguza, ni kutafuta fedha ya ukumbi. Baba Mtakatifu Fransisko aliliandika jambo hili katika waraka wake juu ya furaha ya upendo, mwaka 2016, kwamba wengine hawafungi ndoa kamwe kwa ajili ya gharama ya sherehe. Na wale wanaofunga hufika siku yao wamechoka, akili zao zi kwenye mwaliko na mavazi. Alipoandika hivyo hakuwa akiitazama nchi moja tu.

Ninyi akina baba na akina mama, twawasema ninyi zaidi kuliko vijana. Mara nyingi kijana yu tayari, na mchumba wake yu tayari, ila ninyi ndio msemao kwamba binti yetu haolewi kimyakimya kama mtu asiye na kwao. Kwa maneno hayo mwawazuia watoto wenu meza ya Bwana, na hamkukusudia hivyo. (Mahari nayo ina kesi yake, tutaiandika siku nyingine, si ndogo.)

Someni Kitabu cha Tobiti, mlango wa saba na wa nane. Ragueli alimwoza binti yake Sara nyumbani kwake. Hakuficha neno: alimwambia Tobia habari ya waume saba waliokwisha kufa. Kisha akaushika mkono wa binti yake, akamkabidhi kwa mumewe, akamwita mkewe Edna alete karatasi, akaandika mwenyewe hati ya ndoa, ndipo walipokula. Edna akatandika chumba kwa mikono yake, akalia, akamtia moyo mtoto wake. Usiku ule Ragueli akachimbisha kaburi, akiogopa kwamba mkwe huyu naye atakufa. Na alipoambiwa kwamba wote wawili wamelala salama, aliamuru lifukiwe kabla hakujapambazuka, majirani wasijue. Twapenda sana kwamba Maandiko Matakatifu hayakumfichia baba huyu hofu yake. Asubuhi Edna akaoka mikate mingi, na Ragueli akaenda mwenyewe zizini, akaleta ng'ombe wawili na kondoo dume wanne. Arusi ikaliwa siku kumi na nne. Ilikuwa kubwa, wala hatusemi kwamba kubwa ni dhambi. Lakini ilitoka zizini mwake na jikoni mwake.

Mwaka uliopita tulialikwa kwenye arusi ya namna hiyo katika kijiji kimoja cha milimani. Ndoa ilifungwa asubuhi katika kanisa la kigango. Kisha bwana arusi na bibi arusi wakatembea kwa miguu mpaka nyumbani, watu wakiwafuata kwa nyimbo, na mabenchi ya kanisa yakibebwa vichwani nyuma yao, kwa kuwa nyumbani hayakuwako. Langoni palikuwa na upinde wa migomba na maua ya porini. Nguo ya bibi arusi ilishonwa na dada yake kwa cherehani ya miguu. Babu wa bwana arusi alikuwa amechonga vigoda viwili vya kukalia maarusi, kazi ya miezi mitatu, maana macho yake si mazuri tena. Wanawake wa jumuiya waliona mapema kwamba wapishi ndio ambao daima hukosa Misa. Basi nyama ilipikwa usiku, na asubuhi vijana wawili wa kiume wakaachwa kulinda sufuria, nao wakauunguza wali kidogo. Saa kumi mvua ikanyesha. Watu wote wakakimbilia barazani na bandani mwa ng'ombe, na bwana arusi, koti lake limelowa, akawa akipitisha sahani za pilau dirishani. Hatukusikia mtu akilalamika. Katika daftari la shule palikuwa pameandikwa kila nyumba imeleta nini: debe la mahindi, kuku, mzigo wa kuni, siku mbili za kufagia na kujenga kibanda. Deni hilo nalo litalipwa, lakini kwa mikono, watoto wa nyumba zile watakapooa.

Hatutaki msomaji adhani kwamba arusi ya uani haina hatari zake. Imekwisha kuanza kuwa fahari mpya. Twasikia mijini mtu hukodi shamba la watu, akakodi magunia, vibuyu na mikeka ya kutandika ili picha zionekane za kijijini, na hesabu ikipigwa imeupita ukumbi. Huo ni ukumbi tu uliovuliwa paa. Hatari nyingine ni pombe, maana ukumbi hufungwa saa sita, lakini uani hapafungwi. Wenye nyumba waweke saa na waishike. Na ya tatu ni hii: kazi ya bure ina mwenyewe, na mara nyingi ni shangazi yuleyule, dada yuleyule. Maarusi wanaosema "tutafanya kwa mikono yetu" na wahakikishe kwamba ni mikono yao kweli.

Wachumba wanaokusudia hivyo na wamwone Paroko mapema, kabla ya kuweka siku. Yapo mafundisho, yapo matangazo matatu kanisani, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Ruhusa ya mahali pengine, kama inaombwa, itapita kwa Paroko kwenda kwa Askofu, nayo yaweza kuchukua muda.

Na wale waliokaa miaka wakijiandaa hawana haja ya kungoja hata mwembe. Ikiwa wote wawili wa huru, hawana kizuizi, wahitaji padre na mashahidi wawili. Misa ya asubuhi siku ya Jumanne yafaa. Nguo ya Jumapili yafaa. Mchana watakula chakula cha kila siku pamoja na watoto wao, na Jumapili ijayo watasimama pamoja nao kwenda kukomunika. Arusi, kama bado waitaka, wataila watakapovuna.