Bei ya Kiko cha Kale

Wako miongoni mwetu watu wanaokusanya viko vya tumbako vilivyokwisha tumika, nasi tumo katika hesabu yao. Hatuvikusanyi ili tuvivute. Madhara ya tumbako hayahitaji kuelezwa hapa. Twavikusanya kwa kuwa kiko cha pwani ni kazi ya ufundi inayokaribia kusahauliwa: bori la udongo juu, digali lishukalo mpaka ndani ya kifuu cha nazi chenye maji, na mwanzi autiao mvutaji kinywani. Moshi upitapo majini hutoa sauti, na sauti hiyo ina jina lake, malio ya kiko. Lugha iliyotoa majina hata kwa sauti ya chombo haikukihesabu chombo hicho kuwa kitu duni.

Wengine huuliza kama kiko ni utamaduni wetu, maana tumbako asili yake ni Amerika. Swali hilo halitusumbui. Mahindi nayo yalitoka huko, wala hakuna aukanaye ugali.

Linalotusumbua ni jingine. Mnunuzi ajuaye thamani ya kitu, akikipata kwa muuzaji asiyeijua, je, ametenda haki kwa kulipa bei aliyotajiwa? Wengi husema biashara ni maridhiano: muuzaji ametaja bei, hakulazimishwa, yamekwisha. Nasi tulijibu hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa jibu hilo lilitufaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mipaka juu ya kuuza na kupeleka nchi za nje masalio yaliyofanyizwa kabla ya mwaka 1863, na ni sheria njema. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila kizingiti isikilize bei zinavyopatanwa.

Siku moja huko Bagamoyo kijana alituletea kiko cha marehemu babu yake. Alitaka fedha ya unga na mafuta ya taa. Tuliona mara moja kuwa ni kiko chema: kifuu kimekuwa cheusi kwa kushikwa, na digali limezungushiwa waya wa shaba pale lilipopasuka. Tukaficha furaha yetu, tukapunguza hata ile bei ndogo aliyoitaja. (Huo ndio huitwa ustadi wa wakusanyaji, nasi twaueleza kwa haya.) Nyumbani tulikisugua mpaka masizi yakatoka, tukaziba nyufa kwa gundi, tukakipaka vanishi, tukakiweka kabatini.

Baada ya miezi michache alikuja bibi yake yule kijana. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba akione kiko. Alitafuta kwa kidole alama fulani ukingoni mwa bori, tulikuwa tumeisugua. Kisha akaomba kitiwe maji, apate kusikia malio yake tu, maana kwa miaka mingi aliijua kwa sauti hiyo saa ambayo mumewe yu macho barazani. Tukatia maji, tukavuta. Pumzi haikupita. Gundi ilikuwa imeziba njia.

Tulimwomba akichukue. “Fedha yako tulikwisha kuila, mwanangu,” akasema, akaaga.

Tangu hapo, kabla ya kupatana bei, twamwambia muuzaji tunayoyajua juu ya kiko chake, na twauliza jina la aliyekivuta na kama yupo nyumbani anayekihitaji bado. Njia hii ina hasara. Muuzaji akisha kujua thamani, huenda akampelekea mgeni mwenye fedha nyingi, na kiko kivuke bahari kisionekane tena hapa. Wenzetu wametulaumu kwa hilo, na lawama yao ina uzito. Hata hivyo hatuoni vipi tutamwambia mtu kuwa twamhifadhia urithi wake, hali tumeupata kwa kumficha thamani yake.

Kiko kile kingali kwetu. Gundi tumeitoa kwa ncha ya sindano, na pumzi yapita, ingawa kifuu chavuja kidogo. Tumempelekea bibi salamu kwamba tutafika nacho Bagamoyo; hajajibu.