Nje ya Lango



Ukifika Ávila, Hispania, kutokea Madrid, ukuta unauona kabla ya kitu kingine. Ulianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11, nao unauzunguka mji wa kale kwa kilomita 2.5 hivi, una malango 9 na minara zaidi ya 80. Waashi hawakubagua mawe. Hata ya makaburi ya Warumi waliyatia.

Kinachonisumbua ni kanisa kuu. Upande wa nyuma ya altare umechomoza ukawa mnara wa ngome hiyohiyo. Ndani padri anaadhimisha Misa, juu yake askari anavizia adui. Siwalaumu, zama zile vita havikuwa mbali. Ila nimeona parokia zisizo na adui yeyote zilizojengwa vivyo hivyo, na huo ukuta wala si wa mawe.

Mtakatifu Teresa alizaliwa mwaka 1515 akalelewa ndani ya ukuta huo. Babu yake mzaa baba alikuwa Myahudi aliyebatizwa, na mwaka 1485 mahakama ya kidini ya Toledo ilimwadhibu. Familia ilijua vizuri maana ya kutazamwa kama mtu wa nje. Teresa aliingia utawani katika monasteri iliyo nje ya ukuta. Mwaka 1562 alipoanzisha ile ya San José, chimbuko la Wakarmeli Peku, nayo ilikuwa nje. Wakuu wa mji wakaenda mahakamani ili ifungwe: watawa maskini wasio na mapato ya kudumu, nani atawalisha?

Mwaka 1577 mama huyu akaandika juu ya roho kama ngome yenye vyumba vingi, Mungu akikaa katika chumba cha katikati kabisa, na mlango wa kuingilia ni sala. Anasikitika kwamba wengi huishia uani, pamoja na walinzi, wala hawana haja ya kujua nani anakaa ndani. Ni sisi hao: tunajua ratiba za kamati zote, na nani hastahili kukaa benchi la mbele.

Wiki hii jumuiya ndogondogo zisome Waebrania 13:12-14, juu ya Yesu aliyeteswa nje ya lango. Kisha kila jumuiya itaje familia moja ya mtaani kwake iliyoacha kuja, na wawili waende kuisalimu kabla ya Jumapili. Michango isitajwe.