Kukaa na Watu: Hodi, Utani na Suluhu Uzaramoni

Kukaa na watu ni kazi inayofunzwa. Huko Gwata, mkoani Pwani, mtu anayewakwaza wenzake kila anapofungua kinywa husemwa kwamba hana adabu, au kwamba hakufunzwa. Neno la pili ndilo zito, kwani linawagusa na waliomlea. Ndani ya neno hilo mna fikra nzima ya maadili: kwamba kujua kusalimia, kusikiliza, kutania, kukataa bila kutukana na kuomba radhi si vipaji anavyozaliwa navyo mtu, na asiye navyo amenyimwa kitu alichostahili kupewa.

Hapo huzuka swali lililowashughulisha wanafalsafa na wanazuoni. Je, ustadi huo ni sehemu ya wema, au ni vazi tu la nje? Tapeli naye husalimia vizuri. Anajua jina la mama yako, anakuulizia watoto, kisha anaondoka na fedha zako. Ikiwa maneno mazuri yanaweza kubeba nia mbaya, kuna sababu gani ya kuyahesabu kuwa fadhila?

Jibu linaanzia mlangoni. Katika mwambao wa Waswahili na bara yake ya karibu, mgeni hupiga hodi na kungoja. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika sehemu hizi, jambo hili si desturi tupu. Sura ya Nur, aya ya 27 na 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyeji, na akiambiwa arudi, mtu arudi. Mafundisho ya Mtume yameweka kikomo cha mara tatu. Anayetii hilo hupata zoezi dogo kila siku: anajizuia hatua chache kutoka kwenye anachokitaka, na anakubali kwamba mwenzake ana maisha ya ndani asiyo na haki nayo. Mwanazuoni wa Kiislamu, Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alishikilia kwamba tabia hubadilika kwa mazoezi. Bahili anayejilazimisha kutoa, akaendelea kutoa, mwishowe hutoa kwa hiari. Mwanafalsafa wa Ugiriki, Aristotle, alikuwa amesema jambo la karibu na hilo zaidi ya miaka 1,400 kabla yake. Kwa mtazamo huo vazi la nje humfinyanga mvaaji. Tapeli hakanushi hoja hii, kwa kuwa yeye huitumia adabu pale tu inapomlipa, ilhali zoezi lenyewe ni kuitumia hata isipolipa.

Uwanja mgumu zaidi wa zoezi hilo ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na masimulizi huuhusisha utani huo na misafara ya karne ya 19, wapagazi walipopita Uzaramo na Ukwere wakienda na kurudi pwani. Mgeni mwenye njaa aliyepita katika nchi ya watu alihitaji njia ya kudai chakula bila vita, na mwenyeji alihitaji njia ya kumtoza na kumkejeli bila kumuua. Upo pia utani wa ndani ya jamaa, wa mjukuu na babu, wa mtu na shemeji yake.

Msibani ndipo utani huonekana kwa uzito wake. Mtani huweza kumwigiza marehemu, akamcheka kwa ubahili wake, akazuia shughuli mpaka apewe kitu, na wafiwa wenye macho mekundu hujikuta wakitabasamu. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kubaki na wafiwa wengine wanapoondoka. Leseni ya kucheka imelipiwa kwa kazi.

Aristotle aliuweka ucheshi wenye staha miongoni mwa fadhila, katikati ya mzaha wa kihuni na ukavu wa asiyecheka. Kwake kipimo kilikuwa busara ya mtu mmoja mmoja. Utani umefanya jambo la hekima zaidi, kwani haukumwachia kila mtu akisie mipaka peke yake. Uliamua mapema nani amtanie nani, na wapi, ili hata mtu asiye mwepesi wa kuhisi wengine apate njia ya kukaribiana nao. Ustadi wa kijamii hapa ni mali ya jamii kabla ya kuwa sifa ya mtu.

Mafunzo haya yana upungufu wake, na haufai kufunikwa. Mwali wa Kizaramo aliwekwa ndani kwa muda mrefu, akifundwa na kungwi namna ya kuishi na mume na wakwe, na sehemu kubwa ya somo ilikuwa kunyamaza na kuinamisha macho. Malezi yanayomfunza mmoja kushusha sauti na mwingine kupokea tu shikamoo yamefunza nusu ya adabu. Anayeamkiwa naye anadaiwa, na deni lake ni kusikiliza.

Deni hilo hudaiwa waziwazi mbele ya baraza la kata, ambalo kisheria huwa na wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao wakiwa wanawake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Limebaki na kazi ya kusuluhisha. Katika ukanda huu ambako mashamba na malisho hugusana, mkulima ambaye mazao yake yameliwa na mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekatwa panga hufika wakiwa hawatazamani. Wajumbe hawana cha kuwashurutisha nacho ila ujuzi wao: nani azungumze kwanza, lini wanyamaze, neno gani lisirudiwe mbele ya watoto wao. Wana siku 30. Wakishindwa, shauri huweza kupelekwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mmoja atashinda na mwingine atashindwa, na wote wawili watarudi kuchota maji mahali pamoja.