Aliyepona Arudi kwa Nani?



Someni Injili ya Marko, sura ya 5. Sisi wa Kiriba tuliozaliwa kando ya ziwa twaweza kuliona jambo lile: Bwana Yesu ashuka chomboni, na mtu atoka makaburini kumlaki. Watu wa kwao walikuwa wamejaribu minyororo, wakashindwa. Bwana alimwuliza jina. Baadaye watu walimkuta ameketi, amevaa, akili zimemrudia.

Sisemi kwamba kila mwenye ugonjwa wa akili ana pepo. Huo ni ugonjwa kama malaria, una dawa na una hospitali. Mirembe, huko Dodoma, ilianza mwaka 1927. Lakini yuko mgonjwa ambaye, hata akinywa dawa, husikia bado sauti zisizosikiwa na wengine. Huziogopa, huwaogopa na watu, akajifungia ndani.

Huko Uingereza mtaalamu Paul Chadwick aliandaa mafunzo ya utulivu kwa wagonjwa wa namna hiyo. Huketi wachache pamoja na kiongozi wao, kwa dakika 10 hivi, wakiangalia pumzi inavyoingia na kutoka. Sauti ikija, mgonjwa hafundishwi kubishana nayo wala kuitii. Huitambua tu, akairudia pumzi yake. Kama mtu aliyeketi ufukoni, auonaye mtumbwi ukipita asiupande. Huenda sauti zisiondoke. Kusudi ni kwamba zisimtawale, apate nafasi ya kumsikiliza jirani na kumjibu.

Basi, akishajifunza kuketi na watu, ataketi na nani? Mtu yule wa Injili aliomba kufuatana na Bwana, naye akamrudisha kwao. Watu walistaajabu, kama walimpa kiti, Injili haisemi. Swali hilo ni letu. Nchini kwetu, katika miaka ya 1970, vilikuwapo vijiji ambamo wagonjwa walilima na kuishi pamoja, kwa maana ilifahamika kuwa mtu hapati nafuu kamili peke yake.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, kamba na ifunguliwe, mgonjwa apelekwe hospitali. Wala mtu asimwachishe dawa kwa jina la maombi. Maombi na dawa havigombani. Pili, tumwite kwa jina lake la ubatizo. Bwana alimwuliza mtu jina. Sisi twamwita "kichaa" hata miaka 10 baada ya nafuu. Tatu, tumpe kazi pamoja nasi: kuanika dagaa, kumenya mihogo, kuimba kwaya. Aongee polepole, nasi tungoje.

Tukimwacha peke yake, tumemrudisha makaburini sisi wenyewe.

Bwana aliyeituliza bahari atutulize na sisi, tupate kuketi na ndugu zetu bila hofu. Amina.