Sina Makosa, ni Pedali

Fundi aliniuliza swali rahisi nikashindwa kulijibu. "Hii besi yako, unataka iwe na nyuzi ngapi?"

Nilikuwa nimemfuata hadi karakana yake Dagoretti nikiwa na picha zaidi ya 40 kwenye simu. Nilijua rangi ninayoitaka. Nilijua mbao: mwili wa mvule, ubao wa vidole wa mpingo. Nilijua hata mahali ambapo jina langu lingechongwa. Lakini nyuzi nne, tano au sita? Nikasema tano. Akauliza, "Kwa nini tano? Ule uzi wa chini utaupiga kwa wimbo gani?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilitaka tano kwa sababu wale watu ninaowatazama YouTube usiku wana tano.

Huyu fundi alianza kwa kutengeneza vitanda na makabati kando ya Ngong Road kabla ya kuingia kwenye magita, na bado ana ile tabia ya seremala ya kutaka vipimo kabla ya porojo. Bei yake ilikuwa shilingi 120,000, nusu ilipwe mbele. Mimi nilikuwa na 20,000. Iliyobaki nilipanga kuipata kwa kuuza vitu viwili: baadhi ya pedali zangu sita, na besi ya Anko.

Hapo kwa Anko ndipo roho ilinidunda. Anko ni kaka yake mama. Alipiga rumba kwenye vilabu vya Nairobi miaka ya 80 na 90, usiku kucha, sita usiku hadi alfajiri, kwa besi hiyo hiyo ya nyuzi nne. Kiharusi kilipomdhoofisha mkono wa kushoto, alinikabidhi. Hakutoa hotuba yoyote. Alisema tu, "Chukua, hapa inashika vumbi." Nimeipiga miaka saba. Shingo yake ni nene, swichi moja haifanyi kazi, na kuna mahali rangi imetoka kabisa kwa sababu ya mkono wake kuegemea pale. Je, kitu kama hicho kinauzwa? Na kama hakiuzwi, ni nani ananikataza?

Nitarudi kwa Anko. Kwanza tuongee kuhusu pedali, kwa sababu ndizo zilizonifikisha kwa fundi.

Kila mwanamuziki ninayemjua amewahi kuambiwa kwamba sauti iko kwenye vidole. Ni msemo mzuri na una mashahidi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia Fender Precision ya 1962 na kidole kimoja cha mkono wa kulia, kidole ambacho wenzake walikiita ndoano. Nyuzi zake zilizeeka akaziacha hivyo hivyo. Hapa kwetu, kila harusi inafika mahali DJ anaweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika, na kabla hata ya sauti ya mwimbaji kuingia, ile besi ya Tommy Malanga imeshainua wajomba na mashangazi kutoka vitini. Sijawahi kusikia shangazi hata mmoja akiuliza alitumia pedali gani.

Lakini nimeanza kuushuku huo msemo. Mara nyingi anayesema sauti iko kwenye vidole ni mtu ambaye tayari ana chombo kizuri. Precision ya Jamerson haikuwa kopo na waya wa breki. Mwambie kijana wa Kayole mwenye besi ya mkopo isiyoshika tuni kwamba shida ni vidole vyake, uone kama hujamtukana. Tena kuna muziki ambao usingekuwepo bila kifaa. Bootsy Collins bila ile filta yake ya Mu-Tron III bado angekuwa hatari, sibishi, ila ile besi inayoongea kama mtu mwenye maji mdomoni ingekuwa wapi?

Na fazi, ile sauti ya kukwaruza ambayo leo inauzwa kwenye visanduku vya kila rangi, ilianza kama ubovu. Studio moja ya Nashville, wakirekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry" uliotoka 1961, Grady Martin alikuwa anapiga besi ya nyuzi sita na miksa ikaharibika upande wake. Sauti ikatoka imepasuka. Wangeweza kurudia. Waliiacha. Baadaye Glenn Snoddy, fundi mitambo wa kikao kile, alisaidia kubuni kifaa cha kuuigiza ule ubovu kwa makusudi, na kufikia 1962 Maestro Fuzz-Tone ilikuwa sokoni. Kwa hivyo siwezi kusema kwamba pedali ni uongo na vidole ni ukweli. Siku ile Nashville, kifaa kibovu ndicho kilicholeta wazo. Kazi ya binadamu ilikuwa kulisikia.

Basi nimejaribu kuuliza swali tofauti. Badala ya kuuliza kama natumia kifaa au situmii, najiuliza: hiki kifaa kinanificha au kinanianika?

Chukua kompresa. Ukipiga noti moja kwa nguvu na nyingine kwa ulegevu, kompresa inashusha ile ya juu, kisha inainua kiwango chote, na zote zinatoka kama askari kwenye gwaride. Ni pedali ya kwanza niliyonunua, shilingi 9,000, mkono wa pili. Niliipenda siku hiyo hiyo. Ghafla nilikuwa mpigaji mzuri! Miaka mitatu baadaye nikaja kugundua kwamba kidole changu cha kati hakijawahi kujifunza kupiga sawasawa na cha shahada, kwa sababu kuna kisanduku kilikuwa kinakisamehe kila usiku.

Sasa chukua filta kama ile ya Bootsy. Inafunguka kulingana na nguvu ya kidole. Ukigusa kidogo, inafunguka kidogo, ukikaza, inapanuka. Yaani inasikiliza mkono wako na kutangaza ilichosikia. Ukipiga ovyo, watu wote wanajua. Kwa macho zote mbili ni pedali, za chuma, zenye swichi ya mguu. Kwa tabia, moja ni rafiki anayekusifu na nyingine ni rafiki anayekwambia zipu iko wazi.

Vyombo navyo viko hivyo. Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951 aliiita Precision, kwa kuwa freti zilimsaidia mpigaji kutua kwenye noti bila kubahatisha. Jaco Pastorius, miaka kadhaa baadaye, aling'oa freti za Jazz Bass yake na kuupaka ubao ile gundi ngumu ya mashua. Kidole kikikosea kidogo tu, noti imepotoka, hakuna chuma cha kukuokoa. Alichagua chombo kisichosamehe, na ndani ya ule ukali akapata sauti ambayo watu wanaijua kwa noti mbili.

Ningetaka kuishia hapo na kusema: chagua kifaa kinachokuanika, tupa kinachokuficha. Lakini Jumamosi moja tulikuwa tunapiga kwenye harusi Thika. Nilikuwa nimeacha kompresa nyumbani makusudi, nikijiona mtakatifu. Noti zangu zilipanda na kushuka, mpiga ngoma akawa ananitazama kama mtu aliyekosewa, na wakati wa bi harusi kuingia besi ilipotea kabisa kwenye spika za hema. Baada ya shoo mpiga ngoma akaniambia, "Maze, hiyo shule yako fanyia nyumbani." Alikuwa sawa. Bi harusi hakulipa ili nikue kiroho. Kwake, kompresa ni adabu, kama kupiga shati pasi. Kumficha msikilizaji makosa yako si dhambi. Ni sehemu ya kazi. Shida inaanza unapojificha wewe mwenyewe, mpaka hujui tena ni wapi kisanduku kinaishia na mkono unaanzia.

Hilo ndilo lililonirudisha kwa fundi, na kwa Anko.

Nilimtembelea Anko Nakuru mwezi wa sita. Nilienda na maneno niliyoyapanga ndani ya matatu njia nzima. Nilipomwambia nafikiria kuuza ile besi, alicheka hadi akakohoa. "Kwani ulidhani ni ya babu yako? Mimi niliuziwa na mtu aliyekuwa amepata nyingine bora. Yeye naye sijui alitoa wapi. Uza, mwanangu. Lakini usiniambie unauza kwa sababu yake."

"Sababu ya nani, Anko?"

"Ya besi. Unauza kwa sababu yako."

Nilitarajia ama ruhusa ama marufuku. Zote mbili zingenipumzisha. Badala yake alinirudishia mzigo. Nikirudi Nairobi nikaona jambo ambalo halinipendezi kulisema. Miaka saba nimekuwa na maficho mawili, na nilikuwa nikihama kutoka moja hadi lingine. Nikipiga vibaya: unategemea nini na shingo nene hivi, na swichi mbovu? Nikikosa kufanya mazoezi: nikipata besi yangu, iliyopimwa kwa mkono wangu, hapo ndipo nitaanza kazi kweli. Chombo cha zamani kilibeba lawama za jana, na chombo ambacho hakijazaliwa kilibeba bidii ya kesho. Mimi mwenyewe, leo, sina makosa.

Hata ule uchungu wa kuuza besi ya Anko, ambao niliuita uaminifu, nusu yake ulikuwa woga. Besi iliyotengenezwa kwa ajili yangu, kwa kipimo changu, ingeniondolea kisingizio cha mwisho. Sijui kama unaelewa vile hilo linatisha. Ni rahisi zaidi kutamani kitu kama hicho kuliko kukimiliki.

Nikamrudia fundi nikamwambia sijui nyuzi ngapi. Hakucheka. Alisema, "Nenda ujirekodi dakika kumi. Besi kavu, waya moja kwa moja. Usichague wimbo mgumu. Niletee."

Tulisikiliza pamoja kwenye spika yake ndogo, katikati ya vumbi la mbao. Dakika kumi ni ndefu. Nilisikia nikikimbia kila nilipobadilisha kodi. Nilisikia noti nikiziachilia mapema, kama mtu anayeogopa kukamatwa nazo. Fundi yeye alikuwa anaandika kitu kwenye kipande cha mbao. Mwishoni akanionyesha: karibu kila kitu nilichopiga kilikuwa kati ya freti ya kwanza na ya saba. "Uliniambia unataka freti 24," akasema. "Hizo nyingine 17 ni za wageni?"

Halafu akachukua kipande cha mpingo kutoka rafu, cheusi tii, kizito kuliko kinavyoonekana, akaniwekea mkononi. Mti wa mpingo hukua polepole sana. Unaweza kuchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kutoa mbao, na ndio huo huo unaotoa klarineti na oboe za orkestra za ulimwengu. Nikafanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya. Miaka 70 ya mti, chini ya vidole vinavyofanya mazoezi dakika 20 kwa siku, siku ambazo stima haijapotea. Sisemi mti ulikuwa unanisubiri mimi. Nasema tu kwamba kuna deni fulani ambalo M-Pesa hailipi.

Hatimaye niliuza pedali nne. Nilibaki na kompresa, ya kazini, na filta, ya nyumbani. Pesa za pedali niliongezea zile 20,000, nazo ziko tu, hazijafika 60,000. Besi ya Anko bado ninayo, lakini sitaki uichukulie kama ushindi wa hisia. Nimeitengeneza ile swichi. Fundi alinitoza shilingi 800 na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Miaka saba ya kisingizio, shilingi 800.

Kila Ijumaa najirekodi dakika kumi, kavu. Nimeanza kufika freti ya 12 nikiwa na jambo la kusema huko, si kutalii tu. Wiki iliyopita nilimpigia fundi simu nikamwambia nadhani ni nyuzi nne, na shingo nataka iwe nene kidogo, kama hii. Akauliza kama nina uhakika.

Nikamwambia aniulize tena Desemba.