Kasha la Vijana na Ufunguo Wake



Kila baada ya miaka michache huzaliwa katika mitaa yetu ya pwani chama cha vijana. Hupewa jina zuri la Kiarabu, huchaguliwa mwenyekiti na karani na mweka hazina, huchongwa muhuri, na siku ya kufunguliwa hupikwa biriani. Haipiti Ramadhani ya pili ila chama kimekufa na muhuri umebaki. Tukiulizwa sababu, sisi wazee hujibu upesi kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Leo twataka kusema neno lililo zito kwetu kulisema: mara nyingi waliokiua chama hicho ni sisi.

Ushahidi twautoa nafsini mwetu. Katika darsa yetu palikuwa na vijana waliochanga shilingi kwa shilingi ili wawafundishe kusoma na hesabu watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Kasha lao tukalishika sisi, kwa hoja kwamba fedha hazikai salama mikononi mwa vijana. Ulipoingia Mfunguo Sita tukatoa humo gharama za karamu bila ya kuwauliza, tukinuia kurudisha. Kijana mmoja akasimama baada ya sala ya Isha, akaomba kwa upole hesabu isomwe. Hatukumsomea hesabu, tulimsomea adabu. Tulimwambia kuwa penye wazee haliharibiki neno. Akanyamaza, na baada ya siku chache hakuonekana tena, yeye wala wenziwe.

Fedha tulizirudisha, vijana hatukuweza kuwarudisha. Mmoja wao leo ameingia katika unga, na mamake hutuomba dua kila anapotukuta njiani. Hatusemi kuwa karamu ile ndiyo iliyompeleka huko, kwani ajuaye ni Mwenyezi Mungu. Lakini twajua kwamba jioni zile alikuwa akifundisha watoto kujumlisha.

Natuitazame sira ya Mtume wetu (S.A.W.). Mwaka wa 11 wa Hijra, yaani 632 Miladia, alimteua Usama bin Zaid kuongoza jeshi la kwenda upande wa Sham, na Usama, kwa kauli mashuhuri, hajatimiza miaka 20. Chini ya amri yake waliwekwa masahaba wakubwa, akiwamo Umar bin al-Khattab. Watu wakanong'ona kwa udogo wake. Mtume naye, juu ya maradhi yake, akawakataza na akamshuhudia kuwa astahiki uamiri. Mtume alipofariki, Sayyidna Abubakar alilipeleka jeshi lile lile na amiri yule yule, akamsindikiza kwa miguu hali Usama amepanda mnyama. Na alipohitaji Umar abaki naye Madina, hakutoa amri; alimwomba Usama ruhusa. Khalifa wa Waislamu amwomba ruhusa kijana, kwa kuwa jeshi lilikwisha kuwa amana ya kijana huyo! Basi sisi ni nani hata tufungue kasha la vijana bila ya kuwauliza?

Wala vijana nao hawakosi lawama. Wengi wenu huanza na jina, na vyeo, na picha, kisha ndipo mkatafuta kazi ya kufanya. Kabla ya Utume, Mtume wetu, akiwa kijana wa miaka wapata 20, alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa bei ya bidhaa zake na mkubwa mmoja wa Makka, nao wakaapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Kazi ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Baada ya Uislamu Mtume aliyasifu mapatano yale, na akasema kuwa lau angeitwa tena angeitika.

Basi ushauri wetu ni huu. Kwanza, chama kiwe na kazi moja inayoonekana na jirani: kufundisha watoto jioni, au kusafisha makaburi, au kuwatembelea wanaotaka kuacha unga na kuwashika mkono. Watu kumi wenye kazi ni bora kuliko mia wenye kadi, na kazi yenyewe ndiyo itakayowaita wengine.

Pili, hesabu iandikwe, na isomwe mbele ya wote kila mwezi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Basi anayeomba hesabu hakukosa adabu, bali ameshika amri. Na kwa kuwa siku hizi michango hupita katika simu, isiingie katika simu ya mtu mmoja bila ya wawili wengine kuiandika daftarini.

Tatu, uongozi uwe na muda. Miaka miwili yatosha, kisha akae mwingine, na aliyetoka abaki kumfunza.

Nne, binti zetu wawe na chama chao, na kasha lao, na sauti yao. Umma hauendi kwa mguu mmoja.

Tano, mzee aitwe kwa shauri, wala asishike ufunguo. Mashauriano yamesifiwa katika sura iliyopewa jina hilo, Suratush-Shura. Lakini kushauri si kumiliki.

Nasi tumeazimia kuanza na nafsi zetu. Kasha lile tungali nalo. Ijumaa ijayo, baada ya sala, tutaliweka mbele ya vijana wa mtaa pamoja na daftari, na ukurasa wa karamu ile utasomwa kwa sauti, na msomaji tutakuwa sisi. Kisha ufunguo tutaukabidhi. Kijana yule tumemwendea nyumbani kumtaka radhi. Hakusema neno, ila aliuliza kama watoto wale wangali wanasoma.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amponye, atusamehe tuliyoyapoteza, na azilinde amana zetu. Amin.